Usitupe Mabaki ya Balo: Mtaji Wako Uko Humo

Leo tuongelee kile kiroba. Unakijua. Karibu kila anayeuza mitumba kwa status na Instagram anacho nyumbani: kimekaa nyuma ya mlango au chini ya kitanda, kimejaa blauzi zisizo na vifungo, suruali ambazo zipu imekufa, sweta lenye tundu kwapani, gauni zuri la saizi ambayo hupati wa kuivaa. Ulifungua balo, ukapiga picha zile kali, zikaenda. Ukashusha bei za zile za kati, nazo zikaenda. Hizi zilizobaki ukasema utaziangalia baadaye. Baadaye haijafika, na balo jingine limeshaingia ndani.

Mimi nauza blauzi, magauni na jinzi kutoka Dar es Salaam, huu ni mwaka wa sita. Ninachotaka kukushawishi leo ni kitu kimoja tu: kiroba hicho ndicho kinachoamua kama balo limekupa faida au umezungusha hela tu. Na njia ya kutoa hela humo ndiyo hiyo hiyo inayosaidia mazingira, yaani kufua vizuri, kushona, kugeuza, na kumuuzia mtu nguo atakayoivaa muda mrefu. Hulazimiki kuchagua kati ya kutunza mazingira na kulipa kodi ya chumba.

TUANZE NA HESABU

Namba zako zitakuwa tofauti, lakini fuata mfano huu na kalamu mkononi.

Tuseme balo la blauzi umelinunua shilingi 300,000 na ndani umekuta vipande 200. Maana yake kila kipande kimekugharimu shilingi 1,500, kizuri na kibaya vyote. Umechambua: kali 60, za kati 80, za kiroba 60.

Kali 60 umeuza 5,000 kila moja, umepata 300,000. Mtaji umerudi. Za kati 80 umeuza 2,000 kila moja, umepata 160,000. Toa nauli, bando, mifuko na hela za bodaboda, tuseme 70,000. Umebaki na 90,000.

Sasa angalia kiroba. Vipande 60 mara 1,500 ni shilingi 90,000. Yaani hela yako iliyolala kwenye kiroba inalingana na faida yote uliyoipata.

Tuseme kati ya hizo 60 unaweza kuokoa 40. Fundi na vifaa vinakula wastani wa 1,000 kwa kila moja, unaziuza 4,000. Unabaki na 3,000 mara 40, sawa na 120,000. Faida yako imetoka 90,000 imekuwa 210,000, bila kununua balo jingine. Zile 20 zilizobaki nazo zina kazi, nitakuambia huko mbele.

Wengi tunakimbilia balo jipya kwa sababu kufungua balo kuna raha yake. Kukaa na sindano hakuna raha hiyo. Lakini kwenye daftari, sindano inalipa.

MAZINGIRA YANAINGIAJE HAPA?

Fulana moja ya pamba inakadiriwa kutumia lita 2,700 za maji, kuanzia shambani mpaka iwe tayari. Hizo ni ndoo 135 za lita 20. Ukiwa mtu wa kununua maji ya ndoo, piga hesabu mwenyewe. Poliesta nayo haitoki shambani, inatengenezwa kutokana na mafuta ya petroli. Ni plastiki iliyosokotwa ikawa uzi. Ukiitupa haiozi kama pamba, na ukiichoma inayeyuka na kutoa moshi usiofaa kuvutwa.

Maji hayo na mafuta hayo yameshatumika. Hayarudi. Kitu pekee ambacho mimi na wewe tunaweza kufanya ni kuhakikisha nguo inavaliwa mara nyingi zaidi kabla ya kufa. Blauzi ikivaliwa mwaka mmoja zaidi, kuna mtu hatahitaji kununua nyingine mpya mwaka huo. Hiyo ndiyo maana halisi ya kuvaa kwa kutunza mazingira.

Na ukitupa kiroba, kinaenda wapi? Kwa Dar, kikibahatika kuzolewa, kinaishia dampo la Pugu Kinyamwezi. Nairobi kinaishia Dandora. Kisipozolewa kinaingia kwenye mtaro, na masika yakianza mtaro umeziba na maji yako sebuleni. Jijini Accra, Ghana, kuna soko kubwa la mitumba linaitwa Kantamanto, na mabaki yake yamesukumwa na maji mpaka ufukweni, nguo zimejisokota kama kamba ndani ya mchanga. Chile, kwenye jangwa la Atacama, kuna marundo ya nguo zilizokosa mnunuzi. Nyingine bado zina lebo.

Tusijidanganye kwamba mitumba haina lawama. Imekuwa ikitajwa miaka mingi kwenye mjadala wa viwanda vyetu vya nguo kudorora. Pamba ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza sehemu kubwa inasafirishwa nje ikiwa ghafi, kisha nguo zinarudi kwetu zikiwa zimeshavaliwa na wengine. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua hadi 2019. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru ya AGOA, nchi nyingine zikarudi nyuma. Rwanda haikurudi: ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo.

Kwa nini nakukumbusha haya? Kwa sababu biashara yetu inategemea maamuzi ambayo hatukai mezani yakifanywa. Ushuru ukipanda kesho, anayejua kufungua balo tu atakuwa hana kazi. Anayejua kitambaa, mwenye fundi wake na wateja wanaomwamini, atahamia kwenye kitenge au kitambaa cha kiwandani kwetu na maisha yataendelea.

BALO LILILONIFUNDISHA

Mwaka jana nilinunua balo la blauzi, na nusu ya hela ilikuwa mkopo wa kikoba. Balo limefungwa vizuri, karatasi yake inasema daraja la kwanza. Nimekata kamba nyumbani, zaidi ya nusu ya mzigo una kasoro: vifungo hakuna, mishono imefumuka, madoa ya kutu mabegani kama zilining'inizwa kwenye hanga za chuma miaka kumi. Nikampigia aliyeniuzia. Akajibu vile wanavyojibu wote: balo likishafunguliwa halirudi.

Marejesho ya kikoba yalikuwa kila Jumapili. Na kwenye kikoba, waliokudhamini ni majirani zako, unakutana nao bombani.

Nikabeba blauzi 30 kwenda kwa fundi mmoja mzee pale Buguruni, ana cherehani yake barazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea wagonjwa au maiti?"

"Wagonjwa, mzee. Ila wengine mahututi."

Akavaa miwani, akaanza kuzigeuza moja moja, ndani nje. Upande wa mbele, ule mimi ninaoupiga picha, hakuujali kabisa. Aliangalia mishono. Akashika kitambaa kwa mikono miwili pembeni ya mshono, akavuta taratibu. Moja akaiweka kulia, nyingine kushoto. Akafika kwenye blauzi ya njano niliyokuwa naipenda.

"Hii usinipe hela yako. Kitambaa kimekufa. Nikishona leo, kesho kitachanika pembeni ya uzi wangu, na mteja atasema fundi mbovu."

"Na hii nyeupe, mzee? Ina tundu kabisa."

"Hii tundu lake dogo, kitambaa kizima. Hii ni mafua tu."

Katika zile 30, alishona 21. Tano tukazivua vifungo na kukata vipande vizuri. Nne zikawa matambara. Nilifanya hivyo hivyo kwa mzigo uliobaki, wiki baada ya wiki. Sikutajirika. Faida ya balo lile ilikuwa ndogo kuliko yote ya mwaka ule. Lakini kikoba nililipa kila Jumapili, na hakuna jirani aliyelipa kwa niaba yangu.

Tangu hapo kila balo nalichambua kwa namna ile. Hatua ni hizi.

HATUA YA 1: GAWA MAFUNGU MANNE

Fungu la kwanza ni nguo za kufua tu. Nzima kabisa, ila zina harufu au doa.

Fungu la pili ni kasoro ndogo: kifungo, upindo uliofumuka, mshono ulioachia, tundu dogo.

Fungu la tatu ni za kugeuza: kubwa mno, fupi mno, mtindo umepitwa, au sehemu moja imeharibika na kwingine ni safi.

Fungu la nne ni za kukata: kitambaa chenyewe kimechoka au kasoro zimezidi.

Kabla hujaweka nguo fungu la pili au la tatu, fanya kipimo cha mzee: shika pande mbili za mshono, vuta taratibu. Ukiona nyuzi zinaachana na mwanga unapita, ipeleke fungu la nne bila huruma. Usishone kitambaa kilichokufa.

Na kama hujui ni kitambaa gani kwa sababu lebo imekatwa, chomoa uzi kidogo kwa ndani, ushike kwa koleo, uuchome juu ya sahani yenye maji. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua. Poliesta inayeyuka na kuacha kijidonge kigumu cheusi. Mteja akikuuliza "ni pamba hii?" utajibu kwa uhakika.

Nguo za ndani za mitumba ziache kabisa, TBS imezipiga marufuku.

HATUA YA 2: FUA KABLA YA KULAUMU

Nguo nyingi tunazoziita mbovu ni chafu tu. Zile harufu za balo na jasho la zamani: loweka kwenye maji yenye siki kikombe kimoja kwa ndoo ya lita 10, muda wa nusu saa, suuza, halafu ndiyo ufue kwa sabuni. Doa la kutu kwenye nguo nyeupe: kamulia ndimu, nyunyiza chumvi, anika juani, suuza, rudia kama bado. Kwa nguo ya rangi jaribu kwanza sehemu isiyoonekana, ndimu inaweza kupausha.

Onyo moja zito: usichanganye siki au ndimu na jiki. Vikikutana vinatoa hewa ya sumu. Tumia kimoja, suuza vizuri, basi.

Nguo za rangi anika kivulini ukizigeuza ndani nje, hazitapauka. Sweta usilitundike likiwa limelowa, litavutika mpaka magotini. Litandaze juu ya taulo.

HATUA YA 3: MTENDEE FUNDI KAMA MSHIRIKA

Hapa ndipo wengi wanashindwa. Unapeleka nguo moja leo, moja keshokutwa, kila moja na kazi yake tofauti, halafu unalalamika fundi ghali na anachelewesha. Jiweke kwenye kiti chake. Kila nguo inamlazimu kubadilisha uzi, kubadilisha mguu wa cherehani, kuwaza upya.

Mimi nafanya hivi. Nguo zote zenye kazi moja naziweka pamoja: zipu kwa zipu, pindo kwa pindo. Ndani ya kila fungu nazipanga kwa rangi ya uzi, nyeusi zote pamoja, nyeupe zote pamoja, buluu zote pamoja. Kila nguo naibandika kikaratasi kwa pini: "funga mshono wa kwapa", "punguza urefu sentimita 5". Nampelekea siku ambayo hana msongamano. Usimpelekee wiki ya kuelekea sikukuu wala kipindi cha sare za shule.

Tukishakubaliana bei ya fungu zima, silipunguzi tena mbele ya wateja wake, na namlipa siku ninayochukua. Nikichelewa kulipa, mara nyingine nguo zangu zitakaa chini kabisa ya lundo, na nitakuwa nimestahili.

Kama unajua kushona kifungo na upindo kwa mkono, hiyo kazi ifanye mwenyewe usiku ukiangalia tamthilia. Na kuwa na kopo la vifungo. Kila nguo inayokwenda fungu la nne, vua vifungo na zipu nzima kwanza. Blauzi ikikosa kifungo kimoja cha kifuani, chukua kile cha chini kabisa kinachofichwa na sketi, kipandishe juu, na kule chini weka kinachofanana fanana. Ukikosa, badilisha vyote. Seti mpya ya vifungo vizuri inaweza kuifanya blauzi ya kawaida ionekane ya bei.

HATUA YA 4: GEUZA KWA KILE KINACHOULIZWA

Usigeuze nguo kwa sababu umeona video nzuri. Angalia inboksi yako, wateja wanauliza nini? Kwangu haya yanatoka:

Jinzi zilizochanika magotini: zinakuwa kaptula au sketi. Miguu iliyokatwa inashonwa mikoba ya sokoni, kitambaa chake kinabeba viazi bila wasiwasi.

Mashati makubwa ya wanaume ya pamba: yanakuwa magauni ya watoto. Safu ya vifungo inabaki nyuma au mbele, fundi hana haja ya kuweka mpya.

Magauni marefu ya mikono iliyoharibika: toa mikono, weka mpya ya kitenge. Vipande vya kitenge omba kwa huyo huyo fundi, anavyo vingi vimebaki kwenye kazi za watu.

Mashuka: foronya, aproni, nguo za kulalia.

Sweta zenye tundu: kofia na soksi za kulalia. Za nyanda za juu, Njombe, Iringa na Mbeya, usizidharau. Wateja wa baridi wapo na wananunua mtandaoni pia.

Fungu la nne lililo la pamba: kata vipande vya saizi moja, pima kwa kilo, peleka gereji. Mafundi magari wanahitaji matambara kila siku. Lakini iwe pamba kweli, maana ukichanganya na poliesta unaweza kurudishiwa mzigo wako. Poliesta safi kata ndogo ndogo ujazie mito.

Vipande vizuri vilivyobaki shona vifuko vya kufungia mzigo wa mteja. Mifuko ya plastiki ya kubebea Kenya iliipiga marufuku 2017 na Tanzania 2019, kwa hiyo kifungashio unakihitaji hata hivyo. Mteja akipokea blauzi ndani ya kifuko cha kitambaa anakipiga picha mwenyewe na kuiweka status. Tangazo hilo hukulilipia.

HATUA YA 5: SEMA UKWELI, KISHA PANGA BEI

Siku hizi kila ukurasa unaandika "rafiki wa mazingira". Mteja ameshazoea, halimshtui tena. Andika ulichofanya. "Nimebadilisha vifungo vyote sita na kushona upya mshono wa bega la kushoto." Sentensi hiyo inauza kuliko sifa kumi, kwa sababu anaona kuna mtu ameikagua nguo kabla yake.

Kule Kampala kuna mbunifu anaitwa Bobby Kolade, chapa yake ni Buzigahill. Anachukua mitumba iliyofika Uganda, zile za soko la Owino, anazifumua na kuzishona upya, kisha anaziuza mtandaoni kwa watu wa nchi zile zile zilizozitupa. Mradi ameuita Return to Sender, na nguo zake zinakwenda na pasipoti inayoeleza zilikotoka. Mimi na wewe hatuna soko lake. Ila wazo la pasipoti tunaweza kulichukua bure. Posti yangu inakaa hivi:

"Blauzi ya pamba, rangi ya maziwa. Kwapa hadi kwapa sentimita 52, urefu 64. Ilikuja bila vifungo, nimeweka vipya vya mbao. Ina kiraka kidogo ndani ya mkono wa kulia, angalia picha ya 4. Imefuliwa na kupigwa pasi. Bei 6,000, nafunga mzigo Jumanne na Ijumaa."

Vipimo piga nguo ikiwa imelazwa, tumia tepu, andika sentimita. Achana na "M" na "L", saizi za nchi mbalimbali hazilingani na nguo ikigeuzwa haina saizi tena. Picha ya kasoro piga karibu na mwanga wa dirisha, weka sarafu pembeni ili mteja aone ukubwa. Kuna anayeogopa kwamba kuonyesha kiraka kutamkimbiza mteja. Atakimbia mmoja kabla ya kulipa. Ukificha, atakimbia baada ya kulipa, akiwa na picha za meseji zako na hasira.

Bei: chukua gharama ya kipande kwenye balo, jumlisha fundi, vifaa na muda wako, ndipo uweke faida. Muda wako una bei. Kama blauzi inahitaji kazi ya 3,000 na mwisho itauzwa 4,000, ipeleke kwenye kukata, hata kama unaipenda.

HATUA YA 6: MFUNDISHE MTEJA KUITUNZA

Bibi zetu hawakuhitaji semina ya haya. Doti ya kanga haikatwi kuumbwa, inapigwa upindo tu. Inaanza na shughuli na kutembelea watu. Ikichoka kidogo inakuwa ya nyumbani. Kisha mbeleko. Kisha inachanwa, kipande kinashikia sufuria ya moto, kipande kinafutia meza. Kanga moja, miaka mingi, kazi tano. Wateja wetu wamelelewa kwenye nyumba hizo, wanachohitaji ni kukumbushwa.

Ndani ya kila mzigo naweka kikaratasi cha mistari mitatu: fua kwa maji ya baridi, anika kivulini, kifungo kikitoka kitunze uniletee. Na naahidi mwezi mmoja wa kushona bure mshono wowote nilioufanya mimi ukiachia. Wanaorudi ni wachache sana. Na hao wanaorudi hawarudi na blauzi moja, wanakuja na nguo zao tatu za nyumbani wakiuliza "hizi nazo unaweza kunisaidia?" Hapo umepata kazi mpya ya malipo, na nguo tatu hazijatupwa.

Labda unajiuliza: nikimuuzia mtu nguo inayodumu, si hatanunua tena haraka? Ni kweli, hatanunua haraka. Lakini aliyenunua blauzi ikafumuka wiki ya pili hatanunua tena kwako milele. Mimi bora nimngoje huyo wa kwanza.

ANZA NA KUMI TU

Usimwage kiroba chote sakafuni Jumamosi hii, utakata tamaa kabla ya saa sita mchana. Toa vipande 10. Gawa mafungu manne. Fua vya kufua. Peleka kwa fundi vile vyenye kazi inayofanana. Andika kwenye daftari gharama ya kila kimoja na bei uliyouza. Ukimaliza kumi, piga hesabu, halafu toa kumi vingine.

Ukiona namba zimekubali, endelea. Ukiona hazijakubali, angalia wapi zimekula hela: fundi, muda, au umeshona kitambaa kilichokufa. Mara nyingi ni hicho cha mwisho.

Niandikie kwenye komenti: katika kumi zako za kwanza, ngapi zilikuwa wagonjwa na ngapi maiti? Na wewe uliyegeuza kitu ambacho sijakitaja hapa kikauzika, tuambie ni kipi na ulikiuza bei gani, wenzako tujifunze. Hifadhi posti hii, na mtumie yule rafiki yako anayetaka kufungua balo jipya wiki hii.